Vishamba Vinne vya Darasa la Sita

Kwenye arobaini ya Mwalimu Salehe, pale Mafiga, baada ya dua na kabla sinia za pilau hazijaanza kuzunguka, ofisa mmoja wa elimu alisimama chini ya turubai akasema kwamba marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza katika tarafa nzima kufundisha sayansi kwa kuwaacha watoto wachunguze wenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukiniuma, na jirani yangu alikuwa Shukuru, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ana tumbo kubwa na malori ya kubebea matunda. Akaniinamia sikioni. “Mwalimu, leo umeporwa mchana kweupe.” Nikamwambia anyamaze, tuko msibani. Lakini pilau ile niliila kwa hasira, na hasira haikuisha nilipofika nyumbani. Nimezeeka vya kutosha kujua kwamba marehemu hupewa hata kisichokuwa chake, na sina haja ya kumnyang'anya Salehe kitu chochote. Ila ukweli wa mwaka ule ni mbaya kuliko ule uliosemwa, na pia ni mzuri kuliko huo. Salehe aliamuru vishamba vyetu ving'olewe. Mimi nilikataa. Na katika jambo lenyewe lililotugombanisha, yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Yote matatu ni kweli, na naandika ili lisipotee hata moja.

Nilizaliwa na nani na kulelewa vipi hakuhusiani na habari hii. Yatosha kusema kwamba nilitoka Singida, nilikuwa na kidato cha nne na cheti cha ualimu, na nilijiona. Nilipangiwa shule ya msingi milimani, juu ya Kinole, mahali ambapo gari liliishia chini nawe ukapanda kwa miguu na godoro lako kichwani. Nyumba ya walimu ilikuwa imeezuliwa na upepo, kwa hiyo Salehe, aliyekuwa mwalimu mkuu, akanipa chumba cha nyuma nyumbani kwake. Ukuta wa chumba kile haukufika kwenye paa. Kila kilichosemwa upande wa pili kilinifikia pamoja na moshi wa jikoni. Mkewe, Mama Hadija, alikuwa akinipa asubuhi magimbi ya kuchemsha na chai ya mdalasini, na jioni ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, na alikuwa na tabia ya kuniongezea chakula huku akinisema. “Kula, mwalimu. Umekonda kama huna kwenu.” Sukari ilikuwapo mezani, na hilo lilikuwa jambo jipya. Miaka michache tu nyuma tulikuwa tukipanga foleni kwenye duka la ushirika tukiambiwa tusubiri. Sasa palikuwa na duka la mtu binafsi lenye sabuni za kila rangi, na waliozitazama walikuwa wengi kuliko walionunua. Kila jambo watu walisema ruksa. Kuuza mitumba ruksa, kupandisha bei ruksa, mwalimu kuuza maandazi wakati wa mapumziko ruksa. Wafanyabiashara wa Dar walikuja mpaka Kinole kununua machungwa yakiwa bado mtini. Na kutoka mjini walikuwa wakirudi watu waliopunguzwa kazi viwandani, na redio zao na masanduku yao, wakiulizia mashamba kwa wajomba zao. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu. Sikuyaunganisha.

Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo, darasa la sita. Nilikuwa nimejaza ubao mzima na watoto walikuwa wakinakili, wawili kwa daftari moja, pale Tatu aliponyoosha mkono. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kawaida ya kutazama nje wakati nafundisha, jambo lililoniudhi. “Mwalimu,” akasema, “masika, mama akiteka maji anayaacha kwenye ndoo mpaka yatulie. Chini kunabaki udongo. Huo udongo umetoka shamba la nani?” Darasa likacheka. “La baba yako!” mmoja akasema kutoka nyuma. “Baba yangu hana shamba huku,” Tatu akajibu, na kicheko kikazidi kwa sababu ambayo mimi sikuielewa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na baba wa mtu anaweza kulima maisha yake yote kama mgeni. Siku ile nilichokuwa nacho ni jibu la kitabu, nami nilikuwa tayari kulitoa. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kwamba nililitazama swali lake nikaona kitabu hakilijibu. Nikasema, “Sijui. Tufanyeje ili tujue?” Walinitazama kana kwamba nimevua shati mbele yao. Mwalimu alikuwa hasemi sijui. Kisha mmoja akasema tumfuate bwana shamba, mwingine akasema tupande na mto wakati wa mvua mpaka tuone maji yanapoanza kuwa mekundu, na Shukuru, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mwembamba mwenye makelele, akasema tutie rangi kwenye mashamba yote ya watu. Kengele ilipolia hakuna aliyetoka. Leo nikisikia vijana waliotoka semina wakinieleza kwamba sasa kuna njia mpya ya kufundisha, ambapo mtoto ndiye anayeuliza, huwa nawaacha wamalize. Sisi tulikuwa na madebe ya mafuta ya kula yaliyokwisha kazi, misumari iliyonyooshwa na kamba ya mkonge. Sikuomba ruhusa ya mtu na sijutii kwamba sikuomba. Kuhusu ardhi najutia, lakini hilo nitalifikia.

Shule ilikuwa na shamba lake kwenye mteremko, chini ya madarasa. Pale yalilimwa mahindi na maharage, na mahindi yale ndiyo yaliyokuwa uji wa watoto saa nne. Upande mmoja wa shamba lile tulipima vishamba vinne, vyote sawa, kwa kamba na vigingi. Cha kwanza tulikilima kwa kuteremsha jembe kufuata mteremko na kukiacha kitupu. Cha pili tulikifunika kwa nyasi zilizokatwa. Cha tatu tulikichimbia mfereji wa kukinga maji, kama picha ya kitabuni, na huo nami niliuchimba pamoja nao kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba ndio utakaoshinda. Cha nne kilikuwa cha mimea. Chini ya kila kimoja tulifukia debe, na mwanzi uliopasuliwa wa kuongozea maji. Mvua ikinyesha, tungeacha maji yatulie, tukaushe udongo juu ya gunia, tuupime kwa mizani ya ubao na makopo. Swali letu nililiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: Ni kilimo gani kinachopoteza udongo mwingi? Tatu alilitazama muda mrefu. Halikuwa swali lake. Neno nani nilikuwa nimeliondoa, kwa sababu niliona halikuwa la kisayansi.

Kwa kishamba cha nne niliwaambia walete miche yenye mizizi ya kukaa. Wakaleta mdalasini na mikarafuu kutoka majumbani, wamefunga mizizi kwa majani ya mgomba. Tulipokuwa tunachimba mashimo, Tatu akasimama. “Mwalimu, hapa hatupandi miti.”

“Kwa nini?”

“Hatupandi tu.”

“Tu si sababu,” nikasema. “Kwenye sayansi hakuna tu.”

Wenzake wakamcheka, naye akachuchumaa akaendelea kuchimba. Nimelirudia tukio lile mara nyingi kichwani. Kwa wiki nzima nilikuwa nimewafundisha kuuliza kwa nini na kusubiri jibu. Siku moja tu palipotokea jambo ambalo wao walilijua na mimi sikulijua, nikauliza kwa nini ili kumnyamazisha mtoto. Lau ningechuchumaa naye pale, nikasema, hebu nieleze, nani hapandi, na akipanda inakuwaje, mengi yasingetokea. Nilikuwa na pua ya kunusa uvivu wa kufikiri kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Jioni ile, nikiwa nimejilaza chumbani nikisubiri chakula, niliwasikia Salehe na mkewe kupitia juu ya ukuta. “Miti ile umeiona?” Mama Hadija akauliza. “Nimeiona.” “Si umwambie?” “Nilishamwambia. Siku ya kwanza nilimwambia, mwalimu, hapa pana wenyewe.” “Hapa pana wenyewe! Mtu wa Singida ataelewa nini hapo? Mwambie kwa maneno ya kueleweka.” “Mtu mzima yule,” Salehe akasema. Kisha akakohoa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta ya taa. Niliyasikia yote hayo, nikatoka, nikala ndizi na maharage, nikaongezewa, na sikuuliza chochote. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na niliamini kwamba wakubwa wakisema kwa mafumbo ni kwa sababu hawana hoja.

Siku chache baadaye Salehe aliniita ofisini, akafunga mlango, na mara hii alisema kwa maneno ya kueleweka. Shamba lile halikuwa la shule. Liliazimwa kutoka kwa ukoo mmoja, na kila mwaka shule ilipeleka ngoto, yaani kuku au kikapu cha mavuno, kuonyesha kwamba inajua ni mwazimaji. Aliyeazimwa hulima mahindi, hulima maharage, huvuna, huondoka. Mti haupandi. Mti unakaa kuliko mtu, na aliyepanda mti amesema hatoki, na wanawe watasema hivyo hivyo. “Sasa hivi, mwalimu, watu wanarudi kutoka mjini hawana pa kulima. Machungwa yana bei. Na wewe umeweka mdalasini na mikarafuu kwenye shamba la watu. Ng'oa. Ng'oa vyote, na madebe yako.”

“Miti nitaing'oa,” nikasema. “Madebe siyang'oi.”

“Nimesema vyote.”

“Nimesikia, Mwalimu Mkuu. Madebe siyang'oi.”

Laiti ningeishia hapo. Kama ningekwenda siku ile ile kwa wenyewe, na miche mkononi, nadhani tungemaliza kwa chai. Lakini nilikuwa nimenuna, nikasema nitang'oa wiki ijayo, na ukoo haukusubiri wiki ijayo. Walikuja asubuhi wakaketi ndani ya darasa la sita, kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamegusana na vifua. Watoto wote walikuwa nje, wamejaa madirishani, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Aliyesema kwa niaba ya ukoo alikuwa Bibi Zaina, bibi yake Tatu mzaa mama, mwanamke mfupi aliyejifunga kanga kifuani na kukaa dawati la mbele kabisa.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa Singida?”

“Ndimi.”

“Kwenu, mtu akiazimwa sufuria, huwa anaichonga jina lake?”

Wakacheka. Nikasema si hivyo, ile ni miche tu ya majaribio. Kijana mmoja aliyevaa shati la kazi la kiwandani akasimama. Huyu alikuwa Ramadhani, mjomba wake Tatu, aliyepunguzwa kazi mjini miezi michache nyuma. “Mimi nimerudi na mke na watoto,” akasema. “Nimeomba kipande kile kile. Nikaambiwa, acha, watoto wa shule wanapata uji. Nikanyamaza. Sasa naona mdalasini. Naomba niulize, mwalimu, uji wa mdalasini unapikwaje?” Kicheko kikawa kikubwa hata madirishani. Mzee mmoja akadakia habari ya mfereji wangu, kwamba baba yake alichimbishwa matuta enzi za mkoloni kwa kiboko, na leo wajukuu wanachimbishwa tena, na mtu mweusi.

Nilisimama nikiwa nimekasirika. Nilisema kwa Kiswahili cha mkutano wa hadhara kwamba ardhi ni mali ya taifa, kwamba elimu haina mwenyewe, kwamba mvua haiulizi mipaka. Hayo wangeyasahau. Kisha nikasema, “Udongo hauna ukoo.”

Bibi Zaina akageuza shingo taratibu. “Hauna ukoo?”

“Hauna, bibi.”

“Basi mbona umekuja kuchezea wa kwetu? Si ungebaki ukachezea wa Singida?”

Hata Salehe aliziba mdomo kwa mkono. Mimi sikucheka, na nilivyowajua baadaye watu wale, nadhani kama ningecheka nao wangenisamehe pale pale. Bibi Zaina akasubiri kicheko kiishe, kisha akatoa uamuzi bila kupandisha sauti. Shamba libaki, watoto wanywe uji. Miti itoke. Na mwalimu huyu naye atoke. Salehe akasema, “Tumesikia, mama. Nitapeleka ombi la uhamisho.” Akanitazama akitaka nikae.

“Nitaondoka,” nikasema, bado nimesimama. “Miti nitaing'oa kwa mikono yangu. Lakini nipeni masika haya. Madebe yabaki mpaka mvua ziishe.”

“Mwalimu, kaa chini,” Salehe akasema.

“Sikai.”

“Unayataka masika ya nini?” Bibi Zaina akauliza.

“Watoto waliuliza swali. Hawajapata jibu.”

“Swali gani?”

Nilifungua mdomo niseme lile swali langu la ubaoni. Lakini sauti ilitoka dirishani. “Mimi niliuliza udongo wa kwenye ndoo umetoka shamba la nani,” Tatu akasema. Bibi yake akamgeukia, na sisi wengine tukasahaulika. Wenye mashamba juu yake walikuwa wakimmwagia matope kila mwaka, na walio chini walikuwa wakimlalamikia yeye. Jambo hilo kila mtu ndani ya chumba kile alilijua isipokuwa mimi. “Hilo,” akasema mwishoni, “hata mimi nataka jibu lake.” Akasimama kutoka kwenye dawati kwa shida, akajifunga kanga upya. “Masika haya. Yakiisha, aende.”

Kesho yake sikufundisha. Niliwaomba darasa la sita waende majumbani wakaulize kwa nini mti haupandwi kwenye shamba la kuazima, na waje na majibu yote, hata yanayopingana. Yalijaza ubao. Mmoja aliambiwa ni kwa sababu kivuli kinaua maharage. Mwingine, kwa sababu ya mtu fulani wa zamani aliyepanda mfenesi mmoja, na wanawe wakaja kudai kilima kizima. Mwingine aliambiwa usiulize ulize, nenda kachote maji. Tulikaa tukayapanga, lipi linaweza kupimwa na lipi ni makubaliano ya watu ambayo kazi yake ni kuzuia ugomvi, na hayo ya pili tuliyaona hayana upungufu wa akili. Hakuna somo nililowahi kufundisha vizuri kuliko lile, na nililifundisha kwa kuchelewa. Kisha tuliing'oa miche, na mimi nikairudisha nyumba kwa nyumba, mchana, watu wakinitazama. Mama mmoja alisema, “Pole, mwalimu, sasa umeujua mlima.” Kwenye kishamba cha nne tukapanda mchaichai, ambao si mti, baada ya Tatu kutumwa kwa bibi yake kuuliza kama mchaichai ni ruksa. Jibu lilikuwa kwamba ni ruksa, na achumiwe wa chai.

Mvua zilianza na zikawa mvua hasa. Kila asubuhi watoto waliteremka kuangalia madebe kabla ya kupiga namba mstarini, na waligombana juu ya kila kitu, nani amwage maji, nani ashike mizani, kama udongo umekauka vya kutosha. Siku moja Tatu alimkamata Shukuru akitia viganja vya udongo kwenye debe la kishamba kitupu. “Mwizi!” akapiga kelele. “Siibi, naongeza!” Shukuru akasema, na alipoletwa kwangu alikuwa analia. “Nilitaka wako ushinde, mwalimu. Wako wa mfereji.” Sikumchapa. Singeweza, kwa sababu siku tatu mfululizo mimi mwenyewe nilikuwa nimekwenda kuparua kingo za mfereji wangu zilizokuwa zikibomoka, nikijiambia kwamba natengeneza tu. Niliwaeleza darasa zima nilichofanya. Tukayafuta matokeo ya siku zile zote, yangu na ya Shukuru, na tukakubaliana kwamba asiguse mtu, hata mwalimu. Alasiri moja dhoruba ilikuja watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Nilikimbia kuteremka nikamkuta Salehe ameshafika, kanzu imegandamana na mwili, akifunika debe moja kwa bati. “Yanafurika! Leta ndoo!” akanipigia kelele. Tulichota mpaka giza. Akiwa anapanda akasema, “Nimekuja kwa sababu ya shamba, si kwa sababu yako.” Namshukuru kwa hilo, na hilo ofisa wa Mafiga hakulisema.

Dhoruba ile iliubomoa mfereji. Maji yalijaa ndani yake, yakapasua ukingo, yakashuka yote kwa pamoja, na debe la kishamba cha tatu likawa na udongo mwingi kuliko hata la kishamba kitupu. Nyasi zilizolazwa na mchaichai ndivyo vilivyoshikilia. Salehe alisoma nilichoandika ubaoni. “Mtihani wa darasa la saba utawauliza, nao jibu lake ni mfereji,” akasema. “Utawafundisha nini?”

“Nitawafundisha walichokiona.”

“Watakosa alama.”

“Wakose.”

Neno lile halikuwa langu kulisema. Alama hazikuwa zangu, na kwa mtoto wa pale alama moja ingeweza kuwa mlango pekee wa kutoka. Kesho yake niliwaeleza vizuri, kwamba kuna mteremko ambapo mfereji unafaa na kuna mteremko wetu, na kwamba anayetunga mtihani hajawahi kufika huku. Lakini niliogopa kuliko nilivyoonyesha. Nilipohamishiwa mjini, kwenye shule yenye umeme na wakaguzi wa mara kwa mara, nilifundisha kitabu. Nilijaza ubao, wakanakili. Nilifanya hivyo miaka mingi, na vijana wengi walipita mikononi mwangu bila kunisikia nikisema sijui. Nikiambiwa nitaje kosa langu, watu wa milimani watataja miti. Mimi nataja miaka hiyo.

Mvua zilipokatika tulianika udongo wote barazani kwa shule, mafungu manne juu ya magunia, na tukawaalika wazazi. Bibi Zaina alikuja na Ramadhani. Watoto walieleza kwa zamu, wakapima mbele yao, wakasema wazi wapi walikosea na wapi mwalimu alikosea. Tatu alimwambia bibi yake kwamba swali lake bado hawajalijibu sawasawa, maana vishamba vinne haviwezi kusema udongo wa kwenye ndoo ni wa nani, ila sasa wanajua ni wa mtu anayelima vipi. Bibi Zaina akainama, akachukua udongo wa kishamba kitupu, akausugua vidoleni.

“Hiki nani analima hivi?”

“Watu wengi, bibi,” nikajibu.

“Mimi silimi hivi. Mimi mabua siyachomi, nayalaza, halafu napanda kwa vishimo. Hamkunipima mimi. Mmempima mtu mvivu, mkamshinda.” Watu wakacheka, naye hakucheka. “Nataka kishamba cha tano. Nilime mwenyewe.”

Shukuru akasema, “Bibi, ukishindwa je?”

“Nikishindwa nimeshindwa. Lakini nishindwe kwa jembe langu.”

Nilijua kwamba ananiambia jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu siku ya kamba na vigingi. “Ni kweli, bibi,” nikasema. “Lakini masika yamekwisha.”

“Masika yatarudi. Wewe ndiye unayeondoka.”

“Na mimi nataka changu,” Ramadhani akasema.

“Wewe umesahau hata kushika jembe,” bibi akamwambia. “Lakini sawa. Nacho wakipime.”

Watoto walikuwa wameshaanza kuteremka mbio na kamba ya mkonge. Bibi Zaina akawafuata polepole akiwapigia kelele wasiingie kwenye maharage, na Salehe, kanzu imekunjwa mpaka magotini, akamfuata yeye. Wakaanza kugombana pale chini, cha tano kikae juu ya cha kwanza au pembeni ya mchaichai, na Tatu akasema pembeni hapafai kwa sababu mteremko si sawa, na wakapima tena. Nilibaki barazani karibu na mafungu ya udongo, mikono mfukoni, nikisubiri mtu anyanyue uso aniulize kamba ifungwe wapi. Hakuna aliyeuliza.